Mgeni Kwenye Bajeti

4 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Nyuma ya bahasha nimeandika "si bili" ili usiitupe kabla ya kuifungua, kama ulivyofanya ile iliyopita. Najua unasema simu ni ya watu wenye masikio, na yako yameliwa na feni za mitambo, basi nimekaa na karatasi kama unavyotaka.

Nimepewa kazi kubwa kuliko mimi. Kituo chetu cha data kinaongeza ukumbi mpya wa seva, na mimi ndiye niliyeambiwa niandike bajeti ya nyaya zote za mtandao: za kutoka kabati hadi kabati, za kupanda ghorofani, trei za kuzibeba, mafundi wa kuzifunga, kila kitu. Bado niko kwenye majaribio, mjomba. Bajeti ikipita vizuri nathibitishwa kazini. Ikienda kombo narudi kuuza vocha.

Hesabu haziniogopeshi, ulinifundisha mwenyewe. Kinachonisumbua ni tundu.

Unajua Twiga wako anakaa wapi akiwa kazini? Hapa kila mtu anamwita hivyo, hata wakubwa. Jina lake halisi linajulikana na watu wa mishahara tu. Chumba chao cha uangalizi kiko juu kabisa ya chumba cha betri. Mafundi wa zamani walivunja sakafu ya zege wapitishe nyaya kutoka chini, wakazipitisha, wakafunga mizigo yao wakaenda. Tundu limebaki wazi chini ya meza ya Twiga, limefunikwa kwa kigae kinachocheza. Mwanao ameligeuza jiko. Asubuhi anaweka kopo lake la chakula juu yake, na mchana anakuta kimepata uvuguvugu kwa joto la betri. Nilipomwambia ni hatari alinijibu, "Dada Bajeti, nitukane, nitakusamehe, lakini tumbo langu usiliguse."

Nilipiga magoti nikachungulia. Nikaona taa za chumba cha chini. Pakipita mwanga, moshi nao utapita. Mwaka jana mtangulizi wangu aliomba fedha za kuliziba, zikakatwa. Mwaka juzi vivyo hivyo. Safari hii anayeandika ni mimi, na anayekaa juu ya tundu ni mtoto wa mjomba wangu. Nifanyeje ili mstari huu usikatwe?

Mpwa wako

11 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Bahasha nimeifungua kwa heshima zote, ingawa hata bili hupenda kujiandika "si bili".

Nianze mbali kidogo, univumilie. Mzee akiulizwa moja hujibu matatu.

Bajeti ya nyaya husomwa na mtu asiyezijua nyaya. Shika hilo kwanza. Yeye anaona kabati, anaona maboksi ya kebo, anaona bei, na vitu vinavyoonekana hakatai kuvilipia. Kuna vingine havioni: lebo ya kila ncha, kupima kila waya baada ya kufungwa, ule urefu wa ziada unaokunjwa nyuma ya kabati ili fundi wa kesho asilazimike kukata na kuunga, na hilo tundu lako. Hivyo huviita mapambo. Kwa hiyo usianze kwa kuhesabu mita, anza na ncha. Waya una ncha mbili, na kila ncha inamngoja mtu wa kuifunga, wa kuipima na wa kuiandika. Fedha nyingi imo mikononi mwa watu hao, si ndani ya boksi. Atakayekuletea bei ya kebo peke yake anakuuzia nusu ya kazi.

Sasa nikueleze jambo ambalo halimo kwenye vitabu. Katika kila bajeti niliyoandika maishani kulikuwa na mstari mmoja tuliouita mgeni. Mgeni ni kitu cha maana kwa macho, kinono, lakini hakihitajiki. Humweki ili akae. Unamweka ili aondoke. Mkubwa wa fedha lazima akate. Asipokata anajiona amelipwa bure mwezi ule. Basi mpe cha kukata.

Na hapa ndipo wengi huharibu: mgeni lazima umtetee. Mwandikie maelezo marefu, ya kusihi, na ya kutisha kidogo. Mkubwa akikutana na maelezo marefu hunusa hofu ya mwandishi, anakata hapo hapo na kutoka mkutanoni kifua mbele. Lakini kile unachokitaka kwa roho yako kiandike kwa maneno machache, makavu, kama unavyoandika chumvi unapomtuma mtu dukani. Sijaona mtu anayebishana juu ya chumvi.

Nilikuwa na msaidizi mmoja, hodari wa kuchonga penseli kuliko kufanya kazi, tukamwita Penseli. Siku niliyomweleza habari za mgeni alicheka mpaka akatafuta kiti. Tangu hapo nikimaliza bajeti yoyote ananijia: "Mzee, mgeni wetu leo nani?" Kichwa kizuri sana. Sijui maisha yalimpeleka wapi.

Basi kwenye bajeti yako andika hivi: "Kuziba tundu la sakafu kwa saruji ya kuzuia moto." Weka bei, weka nukta, nenda mstari unaofuata. Na mwambie Twiga baba yake anasema chakula baridi hakijamuua mtu.

Mjomba wako

27 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Leo sina mzaha.

Nilifanya kama ulivyoniambia, karibu yote. Nilihesabu ncha, nikaweka lebo, nikaweka vipimo. Mgeni wangu alikuwa maboksi ya kebo ya akiba "kwa upanuzi wa baadaye", mengi kuliko ambavyo kituo hiki kitatumia hata nikizeekea humu. Lakini mkono ulinigomea, mjomba. Nilishindwa kuandika maelezo marefu ya kutetea kitu cha uongo. Niliona aibu. Nikayaandikia maboksi mstari mmoja tu, nikaona aende kimyakimya.

Na tundu nilishindwa kuliandika kama chumvi. Kila nikiandika yale maneno machache namwona Twiga na kopo lake. Nikaongeza sentensi. Nikaongeza nyingine, jinsi moshi unavyopanda, jinsi mtu anavyoweza kuzidiwa kabla hata hajaona moto. Nilipomaliza ulikuwa ukurasa mzima, na mwisho wake nilikuwa nabembeleza.

Mkurugenzi wa fedha ni mtu mzima, mnene, mpole, hapandishi sauti. Aliifungua bajeti mbele yetu. Alipofika katikati akatabasamu peke yake, kama mtu aliyepishana na rafiki wa zamani njiani. Akausoma ukurasa wangu wa tundu taratibu hadi mwisho. Halafu akanitazama kwa upendo kabisa, akasema, "Umeandika vizuri, binti. Vizuri sana." Akapiga mstari juu yake.

Wenzangu wakasubiri aendelee kukata. Hakukata kitu kingine. Maboksi ya akiba aliyapitisha, tena akawaambia wengine, "Mnaona? Huyu anafikiria kesho."

Mgeni amepewa kitanda, mjomba, na mwenye nyumba yuko nje.

Twiga amecheka sana. Anasema jiko lake limepona.

Mpwa wako

3 Aprili

Mpwa wangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama.

Sikiliza. Bajeti iliyopita haijawa fedha iliyotoka. Kati ya hayo mawili kuna mlango, na mlango huo uko wazi kwa wiki chache tu, mpaka maboksi yaagizwe. Nenda kwa huyo mkurugenzi, wewe na yeye peke yenu. Usiende na maelezo mengine. Mwambie: "Mzee, maboksi ya akiba niliyaweka ili uyakate. Yakate. Nirudishie tundu." Atakasirika kidogo, na ana haki. Lakini ukimpelekea kitu kinono akikate na kingine chembamba akirudishe, ataona bado ameokoa fedha nyingi. Hakuna mtu wa fedha anayeikimbia hesabu ya namna hiyo.

Najua unaogopa kwamba umeweka sahihi chini ya karatasi inayosema kila kitu ndani yake kinahitajika. Ni kweli, hapo utaaibika. Aibu ya ofisini hudumu mpaka mwisho wa mwezi.

Nikueleze kwa nini sina utani na jambo hili. Betri zikiharibika haziwaki kama kuni. Huanza kwa joto, kisha hutoa moshi mzito, na moshi hutafuta njia ya kwenda juu. Sakafu ya zege huuchelewesha moshi, ikampa mtu nafasi ya kutembea, hata kwa mwendo wa kawaida, mpaka mlangoni. Tundu linaiondoa nafasi hiyo yote. Ukubwa wake si hoja. Hata la kupitisha ngumi.

Na kama atakataa, niambie bila kuchelewa. Nimeshaandika barua ya Twiga, iko hapa mezani. Namwamuru, simwombi, aombe kuhamishwa chumba kile. Unajua sisi wawili hatukubaliani hata juu ya mvua, lakini barua yangu yenye neno "nakuamuru" hajawahi kuipuuza, kwa sababu nimeiandika mara moja tu katika maisha yake, na nilikuwa na haki. Sitaki kuitumia bure. Nangoja jibu lako ndipo niitume au niichane.

Mjomba wako

20 Aprili

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Usihangaike tena, limekwisha.

Nilikwenda kwa mkurugenzi kama ulivyoniagiza. Alinuna kidogo, kisha akacheka, akakubali. Fundi alikuja juzi akaliziba tundu kwa ile saruji ya kijivu, limekuwa gumu kama sakafu yenyewe. Twiga amenuna zaidi ya mkurugenzi. Anasema nimemvunjia jiko, sasa anakula chakula baridi kama mfungwa.

Kazi ya nyaya inaendelea vizuri. Mafundi ni wasafi, lebo zinasomeka.

Ichane ile barua. Na upumzike.

Mpwa wako

28 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba, na marahaba tena.

Nimeichana. Nimeichana vipande vidogo nikavitia jikoni, na chai iliyochemka juu yake ilikuwa tamu. Nilikuwa sijalala vizuri.

Nataka ujue ulichofanya ni kigumu kuliko kuandika bajeti. Kuandika bajeti anaweza yeyote aliyekwenda shule. Kurudi mbele ya mkubwa na kusema "nilikudanganya, nirekebishe" wanaweza wachache, na mimi katika miaka yangu yote sikumbuki kama niliwahi. Marehemu mama yako angejivuna barabarani mpaka watu wamkimbie.

Mwambie mfungwa wako anisalimie kwa mkono wake mwenyewe siku moja. Kalamu haimezi mtu.

Mjomba wako

30 Juni

Mpwa wangu,

Nimefika nyumbani salama. Wale vijana wa kazini kwenu walinisindikiza mpaka kwenye basi na kunibebea mzigo, ingawa sikuwa na mzigo. Nilikuwa na mfuko wa nguo zake tu.

Asante kwa yote uliyoyafanya siku za mazishi. Niliona ulivyokuwa unakimbia huku na huku, maji, viti, wageni. Niliona pia kwamba kila nilipokaa wewe uliondoka. Nilijiambia ni uchungu, kila mtu ana namna yake.

Watu walinieleza mengi, lakini unajua mimi nasoma midomo, na mtu anayelia midomo yake haisomeki. Nilichokipata ni hiki. Moto ulianza chumba cha betri wakati wa chakula cha mchana. Mwenzake alitoka kutafuta mtungi wa kuzimia moto. Twiga alibaki akizima mitambo mmoja baada ya mwingine, kama anavyotakiwa. Mwenzake aliporudi hakuona hata mlango kwa moshi.

Nimelifikiria hili tangu nilipopanda basi. Ukuta ulikuwa mzima. Mlango wa chini ulikuwa umefungwa, wamenihakikishia. Ngazi ziko upande wa pili wa jengo. Na tundu lilizibwa mwezi wa nne. Basi moshi ulipita wapi?

Sikuulizi kwa kumlaumu mtu. Nakuuliza kwa sababu sielewi, na mimi sikuzoea kutoelewa. Labda saruji haikuwa ile ya kuzuia moto, labda fundi alikuuzia ya kawaida. Labda lilikuwapo tundu jingine ambalo hatukulijua. Niandikie. Nataka kujua lilikuwa wapi.

Mjomba wako

9 Julai

Mjomba,

Sistahili kukuamkia.

Halikuwapo tundu jingine. Ni lile lile. Sikwenda kwa mkurugenzi. Hakuna fundi aliyekuja. Nilikuandikia uongo.

Siku niliyopata barua yako ya mwezi wa nne nilipanda mpaka mlangoni kwake. Katibu wake akaniambia, "Ngoja kidogo, yumo anapitia majina ya wanaothibitishwa kazini." Nikaketi. Nikajiambia nikiingia sasa na kusema niliweka sahihi juu ya uongo, jina langu litaondoka mezani palepale. Nikajiambia nitathibitishwa kwanza, halafu nitasema. Nikamuaga katibu, nikashuka.

Halafu nilikumbuka ile barua ya Twiga iliyokuwa mezani kwako. Ukiituma, Twiga ataomba kuhama, ataulizwa kwa nini, atalitaja tundu, na watu watauliza mbona bajeti imejaa maboksi. Nikakuandikia kwamba limezibwa. Nilijua rangi ya saruji kwa sababu niliisoma kwenye karatasi ya bei. Lile la chakula baridi nililibuni mezani, na nilicheka nikiliandika. Yeye aliendelea kupasha kopo lake mpaka siku ile.

Kuna jingine, na hili hukuambiwa na mtu. Maboksi yalipofika, stoo ilijaa. Mtunza stoo akauliza aweke wapi yaliyobaki, wakamwambia chumba cha betri kina nafasi ukutani. Mimi nilimwona akiyapanga. Nilipita pale, mjomba, nikaona maboksi na plastiki mpaka karibu na dari, nikajua ni kitu gani kile, na nikaendelea na safari yangu kwa sababu nilikuwa nimebakiza muda mfupi tu wa majaribio. Wachunguzi wanasema betri iliyoharibika ilikuwa moja. Moshi wote ule mweusi ulitoka kwenye maboksi.

Barua ya kuthibitishwa kazini niliipata wiki ile ile. Ilikuwa kwenye mkoba wangu nilipokuwa nagawa maji makaburini.

Kila ulipokaa niliondoka kwa sababu wewe unasoma midomo.

Mpwa wako

12 Julai

Mzee wangu,

Shikamoo. Nilikuwa nyuma yako makaburini. Hukunitambua, nimenenepa, na nywele zimeniaga. Mimi ni Penseli. Tangu mwaka huu uanze ndimi mkurugenzi wa fedha wa kituo hiki. Kwamba Twiga alikuwa mwanao nilikuja kulijua siku ya mazishi, nilipokuona umesimama mbele ya watu. Kwa wiki nzima nimeanza barua hii na kuiacha.

Mwezi wa tatu nililetewa bajeti na binti mmoja wa majaribio. Nilipofungua tu niliutambua mkono wako. Ncha zimehesabiwa kabla ya mita. Hakuna tena watu wanaoandika hivyo. Nilifurahi, mzee, nilijiona kijana. Sikujua binti amefundishwa na nani, nikadhani labda elimu yako imesambaa. Lakini nilijua jambo moja: kama bajeti ni ya kwako, ndani yake yumo mgeni.

Nikaanza kumtafuta. Mistari yote ilikuwa mifupi, mikavu, hata ule wa maboksi. Halafu nikakuta ukurasa mzima juu ya tundu moja. Unasihi, unatisha, na mwisho wake unalia kabisa. Nikajisemea, huyu hapa. Ulinifundisha wewe: mgeni hutetewa. Nikamkata, nikamsifu binti kwa sababu alikuwa amemtetea vizuri kuliko wewe ulivyowahi.

Naweza kusema nilidanganyika. Lakini tundu lilikuwa ghorofa moja chini ya ofisi yangu. Zingenitosha hatua chache na kuinama mara moja. Sikuinama, kwa sababu nilikuwa na hakika, na hakika hiyo ilinipendeza.

Nimekaa nikikumbuka lile swali langu la zamani, "Mzee, mgeni wetu leo nani?" Ni swali la kuuliza na kujibiwa kabla mtu hajavuta pumzi. Ukiwa mdogo unauliza. Ukishakuwa mkubwa huulizi tena. Unaonyesha kwamba umejua.

Bado natumia penseli. Mstari ule niliukata kwa penseli, ungefutika kwa kidole. Nilikuwa nangoja kama kuna mtu atakuja kulia mlangoni. Hakuja, nikaona ndiyo uthibitisho.

Nimewaandikia wakubwa wangu maelezo haya haya na nimejiuzulu. Sikuombi kitu.

Penseli

25 Julai

Mpwa wangu,

Barua mbili zilinifikia siku moja, yako na ya mkurugenzi wako. Ya kwake nimeiambatisha. Isome kwanza, kisha urudi hapa.

Umesoma. Sasa unajua kwa nini alitabasamu.

Nitakueleza nionavyo, polepole, kwa sababu kueleza ndiyo kazi pekee iliyobaki mwilini mwangu. Nilimfundisha yeye asiamini maelezo marefu. Halafu nikakutuma wewe kwake. Ungeandika ukurasa ule mbele ya mtu ambaye hajawahi kukutana nami, mtu mjinga kabisa wa nyaya, pengine angeogopa, akalipa. Ulisema kweli kwa sauti kubwa kwa mtu niliyemfundisha kwamba sauti kubwa ni ya uongo.

Hilo ni la kwangu na nimelibeba. Lakini usilitumie kujifunikia. Wewe ni mtu wa hesabu, na nikikuambia huna lako ndani ya jambo hili utaona naongopa, na sisi wawili tumeshaongopeana vya kutosha. Niliichana barua ya mwanangu kwa neno lako. Nikanywa chai juu yake. Kila asubuhi ninapowasha jiko nayaona yale maandishi: "nakuamuru".

Umeniuliza kwa kutouliza kama nimekusamehe. Sijui. Nimejitazama ndani kama mtu anayetafuta miwani, sijaona. Nikijua nitakuandikia, liwe jibu lolote lile. Sitakuacha ukisubiri bure.

Sasa kazi. Tundu bado liko wazi, sivyo? Litazibwa. Usimpe fundi wa kwanza utakayemwona. Kwanza toa nyaya zilizokufa. Vuta kila waya usio na mwenyewe, kwa sababu saruji haishiki vizuri kwenye fungu lenye takataka. Safisha kingo, futa vumbi kwa kitambaa chenye maji. Weka sufi ya mawe, ile pamba isiyoungua, katikati ya nyaya, ikaze, isiwe na nafasi ya kupenya hata kidole. Halafu saruji ya kijivu juu na chini, pande zote mbili, si juu tu. Wengi huziba juu tu kwa kuwa ndiko kunakoonekana. Ikishakauka, zima taa za chumba cha juu, washa za chini, upige magoti utazame.

Andika mstari wake kwenye bajeti. Usiweke mgeni. Andika kwa urefu unaoutaka.

Mjomba wako

14 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Leo nimethubutu.

Niliandika bajeti ya kitu kimoja. Mkurugenzi mpya ni mama mmoja asiyemjua yeyote kati yetu. Aliisoma, akaniuliza, "Hiki tu?" Nikasema hiki tu. Akauliza kwa nini maelezo yake ni marefu hivi. Nilimwambia, mjomba. Nilimwambia yote, kuanzia maboksi mpaka barua niliyokuandikia mwezi wa nne. Alinisikiliza bila kunikatiza. Akatia sahihi, akaniambia nikishamaliza tundu nirudi kwake tuzungumzie kazi yangu. Nadhani najua atakachoniambia. Sijamwomba chochote.

Nyaya zilizokufa nilizivuta mwenyewe pamoja na fundi. Zilikuwa nyingi kuliko hai. Katikati yake tulikuta kifuniko cha kopo la chakula, kimepinda kwa joto. Nimekihifadhi, lakini sijui kama unakitaka, kwa hiyo sijakituma.

Tuliziba pande zote mbili. Bei yake yote haikufika ya boksi moja la kebo. Jana nilizima taa za juu, nikawasha za chini, nikapiga magoti pale ilipokuwa meza yake. Nilitazama kwa muda mrefu. Haonekani mwanga wowote.

Yapo maboksi machache ambayo hayakuungua, yale yaliyokuwa stoo. Yananuka moshi, na watu wamekataa yakae karibu nao, kwa hiyo mtunza stoo ameyasukumia kwenye ukumbi wa kuingilia. Kila akiniona ananiuliza yalinunuliwa kwa kazi gani, ili ajue ayapeleke wapi. Leo ameniuliza tena, mbele za watu. Nimemwambia nangoja barua yako, ile uliyoniahidi.

Mpwa wako